Ukuta wa Kutundikia

Mwezi wa sita, Mbeya, saa moja asubuhi.
Loleza haujavua blanketi lake
nami niko kwenye foleni na bahasha ya kaki:
picha ndogo nne, namba ya mlipa kodi,
barua ya mtendaji wa Ilomba
yenye mhuri uliokosa wino upande mmoja.

Kijana wa dirishani ananiuliza jina.
Mama Vyumba, namwambia.
Anacheka. "La kwenye cheti, mama."
Inabidi nilitafute, kama sarafu chini ya pochi.
Subilaga. Subilaga Mwakanyamale.
Tangu nimzike mama hakuna aliyeniita hivyo.

Fomu inauliza: Uzoefu wa kazi.
Wameacha mstari mmoja.
Mstari mmoja!
Najua jiko lipi Soweto linarudisha moshi ndani,
mwenye nyumba yupi Iyunga anazima umeme saa tatu,
choo kipi cha familia nane husemwa ni cha familia nne.
Nimewapangisha wauguzi, madereva wa malori ya Tunduma,
na mwalimu mmoja aliyehamia na vitabu na kuku.
Kodi ya mwezi mmoja ni yangu.
Elfu tano ya kuonyeshwa, upende usipende.
Nikaandika: Miaka 13.

Fomu inauliza: Je, umewahi kushtakiwa?
Hapana.
Kalamu ikabaki pale pale, juu ya nukta.

Kuna kiwanja Isyesye. Nilikiuza Septemba,
udongo umekauka hadi unalia chini ya kiatu.
Tumpale, muuza viazi, alikikanyaga kwa kisigino,
akakanyaga tena, akauliza, "Maji, je?"
Nikamjibu bomba liko karibu.
Hakuwa anauliza bomba. Nilijua hakuwa anauliza bomba.
Mwezi wa tatu yakamfikia kwenye godoro.

Hakunishtaki.
Nilipomkuta sokoni Mwanjelwa alinipimia viazi
kwa bei ya watu wote, debe likajaa sawasawa,
akasema ndaga, akapokea hela,
na macho yake yakaenda kwa mteja wa nyuma yangu.

Kisha semina, siku mbili, soda na andazi.
Mkufunzi akaandika ubaoni kwa herufi kubwa:
KASORO ITAJWE KABLA YA BEI.
Anyosisye, dalali wa pikipiki, akaninong'oneza:
"Kasoro ikitangulia, sisi tutakula nini?"
Safu nzima ikacheka.
Na mimi nikacheka, kwa meno ya mbele tu.

Leseni ilitoka Agosti.
Karatasi nzito, namba nyekundu, jina langu lote
limenyooka kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.
Na chini, kwa herufi za sisimizi:
Itundikwe mahali pa wazi ofisini.

Ofisini.
Ofisi yangu ni simu yenye ufa
na kigoda cha fundi viatu, akienda kula.
Nimewatafutia watu kuta mia tatu na ushei,
mimi sina pa kupigilia msumari.
Nyumbani? Baba mwenye nyumba hataki matundu.

Basi nikaenda kwa dalali.
Ndiyo, mimi. Kwa Anyosisye.
"Elfu tano ya kuonyeshwa," akasema bila kupepesa,
nami nikaihesabu mkononi mwake, noti moja moja,
nikisikia kwa mara ya kwanza uzito wake.

Chumba kiko Kabwe, futi nane kwa kumi,
mlango wa bati, rangi mpya hadi usawa wa goti
na juu yake rangi ya zamani.
Kwa nini hadi goti tu?
Nikauwekea ukuta kiganja.
Ulikuwa baridi, lakini Agosti kila kitu Mbeya ni baridi.

"Mvua, je?" nikamuuliza.

Akanitazama.
Akaitazama bahasha kwapani mwangu.
Akafungua mdomo,
nami nikausubiri mdomo ule
kama mtu aliyewahi kuuvaa.